Mwacheni Tabu na Jina Lake

Mwandishi aliyewaonya wazazi wasiwaite binti zao Tabu, Shida wala Mashaka, eti jina baya humfuata mtoto hadi kaburini, atueleze basi habari za Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina gani zito kuliko hilo? Mwaka 1928 alikuwa Bombay akirekodi santuri za taarabu kwa Kiswahili, na baadaye Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Nitajibiwa kwamba alibadili jina. Kweli, lakini hilo la Siti lilimjia ukubwani, akiwa mwimbaji. Heshima ilitangulia, jina likafuata. Na Fatuma binti Baraka je, aliyezunguka dunia akiitwa Bi Kidude?

Tabu si laana. Mara nyingi ni kumbukumbu ya uchungu uliokaribia kumwondoa mama, na bibi aliyelitoa jina hilo alikuwepo chumbani. (Mwandishi wetu hakuwepo.) Kinachowaumiza mabinti hawa ni watu wazima wanaowacheka darasani na kwenye foleni za ofisi. Hao ndio wa kuonywa. Ndugu mwandishi, makala ijayo waandikie wao.