Daftari chafu la mwalimu wa kwaya lisitupwe

Leo tuongelee madaftari ya walimu wa kwaya. Kwetu Nachingwea, na hata ukienda Ruangwa, wimbo unaanzia kwenye daftari: nota za do-re-mi, zimefutwa na kukatwa weee. Ukishanakiliwa safi, lile chafu linaishia kufungia maandazi.

Mimi nasema tunapoteza mali. Mchukulieni Beethoven. Simfoni yake ya tano ilipigwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, lakini rasimu zake za mwanzo ni za 1804. Katikati ya rasimu zake kuna kipande alichonakili toka simfoni namba 40 ya Mozart. Yaani gwiji naye alikuwa anachungulia kwa mwenzake! Angezichoma tungejuaje?

Sasa njoo Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kule Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 wimbo uliotuzalia Mungu Ibariki Afrika. Nyimbo zake aliziandika kwenye daftari, likaazimwa-azimwa, likapotea. Alifuta nini, alibadili nini, ndo basi tena.

Jamani, sisi ni walimu watarajiwa. Mwanafunzi akiona nakala safi tu, anadhani kutunga ni kipaji cha kuzaliwa nacho, anakata tamaa. Akiona mikato, naye anajaribu. Kwa hiyo ukirudi likizo, muombe mwalimu wa kwaya yenu lile daftari chafu, ulipige picha kabla mchwa hawajalisoma.

Nawasilisha.