Kichina kwa watoto sawa, ila Kiingereza kimeingiaje hapo?

Jamani, hivi tumerogwa? Nina kipeperushi hapa mezani. Kituo kimoja cha hapa Dar (jina naliacha) kinakaribisha watoto wa miaka mitano hadi kumi waje kujifunza Kichina, sikukuu za Kichina na utamaduni wa Kichina. Safi kabisa. Nikasoma mpaka chini: masomo yatatolewa kwa Kiingereza, na mtoto asiyekijua aanze kwanza na kozi ya Kiingereza. Yaani mtoto wa Temeke anayetaka kwenda Beijing lazima apitie London!

Sina ugomvi na Kichina. Kenya ilitangaza mwaka 2019 kwamba itakiingiza shule za msingi. Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma vilipata Taasisi za Confucius mwaka 2013. Watoto wajifunze, tena mapema, maana sikio la mtoto ndilo linalonasa zile sauti za kupanda na kushuka. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Kosea sauti uone kama hujageuka kutoka mteja kuwa muuzaji.

Ugomvi wangu ni hiyo lugha ya katikati. Chukua mambo ya ukoo tu. Kwa Mchina, kaka mkubwa ni gēge na mdogo wa kiume ni dìdi. Dada mkubwa ni jiějie na mdogo wa kike ni mèimei. Baba mkubwa ni bóbo, baba mdogo ni shūshu. Kaka wa mama ni jiùjiu, yaani mjomba. Dada wa baba ni gūgu, yaani shangazi. Mtoto wetu hana cha kushangaa hapo, ukoo wake umepangwa karibu hivyo hivyo. Sasa mpitishe kwenye Kiingereza: baba mkubwa, baba mdogo na mjomba wote wanakuwa anko! Umemvuruga, kisha unaanza kumfafanulia upya kitu alichokuja nacho kutoka nyumbani.

Au hesabu. Shíyī ni kumi na moja, neno kwa neno. Au mwezi: yuè ni mwezi wa angani na pia mwezi wa kalenda, kama kwetu.

Na sikukuu ndiyo kabisa. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, kwa sababu miezi yao huanza na mwezi mpya. Mtoto aliyewahi kusimama nje kutafuta mwandamo anashika nusu ya somo papo hapo. Nusu nyingine ni kwamba Wachina huongeza mwezi wa kumi na tatu baadhi ya miaka, ndiyo maana sikukuu yao haizunguki mwaka mzima kama Idi. Zile bahasha nyekundu za fedha wanazopewa watoto? Mkono wa Idi huo! Lakini vituo vyetu vinaona rahisi kununua dragoni la karatasi, watoto wapigwe picha, wazazi wafurahi, basi utamaduni umefundishwa.

Najua jibu: walimu wa Kichina hawajui Kiswahili. Wengi hawajui, kweli. Lakini Radio Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na Kiswahili kinafundishwa vyuoni Beijing kwa miongo sasa. Na Watanzania waliosoma China je? Tuliokaa mbele ya TBC mwaka 2011 tunakumbuka tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake. Mitaani ilizungumzwa, mpaka Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar mwaka 2013. Ilitupata kwa sababu moja tu, waliweka sauti za Kiswahili. Wachina wenyewe wameshajua njia ya kuingia sebuleni kwetu, sisi ndio tunawafungia mlango tukiwaelekeza dirishani.

Jibu la pili ni kazi. Eti Kichina ni ajira, na ajira inataka Kiingereza. Kwa mtoto wa miaka sita?! Huyo ajira yake ni kucheza. Na bila hadithi, Kichina anachokijua ni kile cha mtaani: simu ya Mchina maana yake feki, na Mchina akipita anazomewa "ching chong" huku watu wazima wakicheka. Hilo somo tunalitoa bure, kila siku, kwa Kiswahili fasaha.

Mwanzoni mwa Aprili kuna Qingming, siku Wachina wanaposafisha makaburi ya wazee wao. Wachina walioko Dar huenda Gongo la Mboto, kwenye makaburi ya wenzao zaidi ya 60, wengi wao waliokuja kwa ajili ya reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kuanzia 1970 mpaka 1975. Wapelekeni watoto siku hiyo. Mtafuteni na mzee mmoja aliyetandika mataruma pamoja nao, wengine bado wapo, awasimulie walivyokula, walivyougua, walivyoelewana bila lugha moja. Kozi ya Kiingereza kwanza haitahitajika.