Nani anakesha na seva za watu wa kujitolea?

NUSU sekunde ya ucheleweshaji ndiyo iliyofichua, Machi 2024, hila iliyokuwa imepenyezwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika kompyuta nyingi zenye mfumo wa Linux. Mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akipima kasi ya programu nyingine kabisa, aliona kuwa kuingia katika kompyuta kutoka mbali kunachukua muda mrefu kuliko kawaida. Alifuatilia, na Machi 29 akautangazia umma kwamba kuna njia ya siri ya kuingilia.

Hakuna king'ora kilicholia. Jambo hilo lingepaswa kuzinyima usingizi benki, kampuni za simu na ofisi za serikali zinazotumia programu huria bila kujiuliza ni nani anayezilinda.

Tukio hilo si geni kwa wanaoifahamu historia ya miradi hii. Novemba 19, 2003, mtu asiyejulikana aliingia katika seva moja ya Debian, mradi ulioanzishwa mwaka 1993 na unaoendeshwa na watu wa kujitolea walioenea duniani kote. Alitumia neno la siri aliloliiba kwa mmoja wa wanachama, kisha akatumia kosa lililokuwemo katika kiini cha Linux kujipatia mamlaka yote ya mashine. Hadi kufikia siku iliyofuata alikwishaziingia seva nne.

Aligunduliwaje? Wasimamizi waliona seva iliyopewa jina la master, ambayo ilikuwa imefanya kazi kwa muda mrefu bila matatizo, ikitoa taarifa za hitilafu za ajabu. Wazo lao la kwanza lilikuwa kwamba vifaa vimechakaa, na walikuwa wakijiandaa kuiondoa mashine hiyo kazini ili ichunguzwe. Ndipo ilipobainika kuwa seva ya pili, murphy, ina hitilafu zilezile hasa. Mashine mbili haziugui ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja bila sababu. Aidha, programu ya AIDE, ambayo huweka kumbukumbu ya hali ya mafaili muhimu na kutoa taarifa yanapobadilishwa, ilionyesha katika seva tatu kuwa faili la kuanzishia mfumo limebadilishwa.

Novemba 21 umma ulikwishaarifiwa, na akaunti za wanachama wote zikafungwa. Hazina kuu ya programu, iliyokuwa katika mashine nyingine, haikuguswa.

Linganisha na yaliyoipata kernel.org, tovuti inayosambaza kiini chenyewe cha Linux. Uvamizi uliogunduliwa Agosti 28, 2011 ulikuwa umedumu zaidi ya wiki mbili, na huduma zilisimama kwa muda mrefu. Kilichowapa watu moyo ni kwamba maelfu ya watayarishaji walikuwa na nakala zao, hivyo badiliko lolote la siri lingejitokeza mara moja.

Kwa hiyo, tofauti kati ya siku moja na wiki mbili haitokani na vyombo peke yake. AIDE na wenzake hutuma taarifa, lakini taarifa zikiwa nyingi, nyingine za mabadiliko halali, msomaji huchoka nazo. Anahitajika mtu anayeijua mashine yake katika hali ya kawaida kiasi cha kushtuka inapobadilika. Katika miradi ya kujitolea mtu huyo ana ajira kwingine, na pengine huzisoma taarifa hizo usiku baada ya kazi.

Uchovu huo wenyewe umekwisha kugeuzwa silaha. Xz ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja aliyekiri kuelemewa, na mhusika wa hila ile alijitokeza kama msaidizi mwema, akajenga imani kwa zaidi ya miaka miwili kabla ya kupenyeza alichokusudia. Aliyelindwa na wachache alijua pa kuanzia.

Kampuni zinazonufaika huchangia, hilo halina ubishi. Debian hununua vifaa kwa fedha za michango, na seva zake nyingi huhifadhiwa katika vyuo vikuu na kampuni zilizojitolea kutoa nafasi na umeme. Saa za watu wanaozisoma taarifa za seva hizo hazimo katika hesabu hiyo.