Tuulize Kabla ya Kukemea

Karibu kila Jumuiya Ndogo Ndogo ina mwanajumuiya aliyezidiwa na pombe. Hutembelewa, huombewa, huonywa. Mwishowe akiona jumuiya inakuja kwake, anatokea mlango wa nyuma. Watu husema ana moyo mgumu. Sisi tunaona kwamba namna anavyoendewa nayo ina sehemu yake.

"Kwa nini unakunywa?" Kwa maneno ni swali, masikioni mwa anayeulizwa ni mashtaka. Atajitetea, na kadiri anavyojitetea ndivyo anavyozidi kuamini kwamba hana haja ya kubadilika. Mwanasaikolojia William R. Miller wa Marekani aliandika juu ya jambo hili mwaka 1983, kutokana na kazi yake na watu wenye shida ya pombe. Anafundisha kwamba mtu husukumwa zaidi na sababu alizozitamka mwenyewe kuliko zile anazohubiriwa. Basi tuulize hivi: Pombe inakusaidia nini? Imekuondolea nini? Ukiamua kupunguza, ungeanzia wapi? Kisha tunyamaze, tusikilize.

Kwa Mkristo hili si geni. Katika Yohane sura ya 5, mbele ya mtu aliyeugua miaka 38, Yesu alianza kwa kumwuliza kama anataka kupona. Bartimayo naye aliulizwa anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulijulikana na wote. Katika Evangelii Gaudium (2013), Baba Mtakatifu Fransisko alisisitiza kwamba anayewasindikiza wengine hana budi kujifunza sanaa ya kusikiliza.

Wapo watakaosema huku ni kuibembeleza dhambi. Hapana. Kuuliza si kuhalalisha, na ukweli utasemwa kwa wakati wake. Kama mke na watoto wanapigwa, kwanza walindwe, mazungumzo yatafuata. Lakini swali lisiwe mtego wa kumnasa mtu, wala majibu yake yasigeuke habari ya nje ya kanisa Jumapili.

Ndugu mafrateri, anayejiandaa kuketi katika kiti cha kitubio aanze kujizoeza sasa, bwenini, kwa mwenzake anayechelewa sala ya asubuhi. Nasi waamini, jumuiya itakapomtembelea tena ndugu yetu, tumwulize swali moja tu, tumwache amalize kusema, ndipo tusali naye.