Bamba Lina Hati, Fundi Hana

Sisi watu wa mjengo tuna neno. Nyapara tumemwambia, akatuambia tupande ngazi. Sasa tunawaambia nyinyi.

Tunaitwa kutoa paa. Simu inasema hivyo tu: njooni vijana watano, kuna paa la kutoa. Tukifika juu tunakuta yale mabamba mazito ya kijivu yaliyoezekwa miaka mingi hapa Kenya, kwenye shule na nyumba za serikali. Asbesto. Mwenye nyumba anajua, mkandarasi anajua, hata mlinzi anajua, ndiyo maana siku hiyo amehamishia kiti chake ng'ambo ya barabara. Wa mwisho kujua ni yule aliyeshika nyundo.

Na nyundo yenyewe haikutakiwa kuwepo. Utaratibu unajulikana: bamba lilowanishwe, boliti zifunguliwe, literemshwe zima, lifungwe kwa plastiki nzito. Likiwa zima, saruji imezishika nyuzi za asbesto. Ukilivunja, ukilikata kwa grainda au ukifagia vipande vikiwa vikavu, nyuzi zinapaa, nyembamba hata jicho halizioni, na zikishaingia mapafuni hazitoki kwa urahisi. Lakini kulowanisha kunataka maji, na boliti yenye kutu inataka subira, nasi tunalipwa paa likiisha. Nyapara anapiga kelele kutoka chini: angusheni, lori linangoja! Tunaangusha.

Barakoa? Tunafunga ile ya kitambaa iliyobaki tangu korona, nayo inazuia vumbi hili kama wavu unavyozuia maji. Inayotakiwa ina chujio maalumu na inabana uso. Zinatakiwa pia ovaroli za kuvaliwa mara moja na kutupwa, na mahali pa kuoga palepale kazini. Tunasikia vitu hivyo huandikwa kwenye hesabu ya zabuni. Vinashukia kituo gani njiani, sisi hatujui. Juu ya paa havijawahi kufika.

Jioni tunarudi na vumbi nyumbani. Mke anaikung'uta suruali ndipo aifue, mtoto anamrukia baba kabla hajanawa. Nchi zilizotangulia kuzijua nyuzi hizi zimeshazika wake wa mafundi waliougua kwa kufua tu. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Sawa, lakini hili hatukulichuma. Tumetumwa kulibeba, tena kwa ujira wa siku.

Kinachotuuma zaidi ni kwamba ugonjwa huu hauna haraka. Shirika la Afya Duniani linasema asbesto ya kila aina husababisha saratani: ya mapafu, ya koo, na ile ya utando unaozunguka mapafu, ambayo kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi ya 40. Kijana wa miaka 25 anayevunja paa leo anaweza kuanza kuishiwa pumzi akiwa babu. Daktari atamuuliza kama alikuwa mvutaji wa sigara, na ni haki aulize, kwa sababu sigara na asbesto zikikutana hatari ya saratani ya mapafu inapanda maradufu na zaidi. Ila nani atamuuliza habari za paa? Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inayatambua magonjwa ya kazini. Tunaiheshimu. Lakini kibarua hana mkataba wala stakabadhi, mkandarasi atakuwa ameshafunga ofisi, na daftari la nyapara halimalizi hata msimu mmoja wa mvua.

Sasa tazameni ajabu hii. Kanuni za taka zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari. Lori linaloibeba linatakiwa kuwa na leseni, na hati ya kuonyesha mzigo umetoka wapi, umebebwa na nani, umepelekwa wapi. Kwa hiyo bamba lililovunjika lina hati. Mtu aliyelivunja hana.

Uingereza, iliyoipiga marufuku asbesto mwaka 1999, bado ina mafundi wanaoyashusha mapaa ya zamani. Kwa kazi zile za hatari zaidi, sheria yao inamlazimisha mwajiri kutunza rekodi ya afya ya kila mfanyakazi kwa angalau miaka 40. Wamejua ugonjwa unachukua muda gani kufika, wakaweka faili la kuungoja.

Mtasema tukatae kazi. Tukikataa, langoni kuna vijana wengine wanaongoja kuitwa, na wao wana kodi ya nyumba kama sisi.

Hatuombi semina wala fulana zenye maandishi. Tunataka tuambiwe paa ni la nini kabla ngazi haijasimamishwa. Vifaa vilivyoandikwa kwenye zabuni vifike juu, na mkaguzi apande avione, asiishie kunywa soda na mkandarasi. Na kwenye hati ileile ya lori pawekwe nafasi ya majina yetu na nambari za vitambulisho, kisha kila fundi apewe nakala yake. Ni mistari mitano. Lori lenye hati isiyo na majina lisifunguliwe lango.