Pua ya Mbwa wa Ulinzi na Hatari ya Dawa za Mkato

Wananchi wa Uganda hawajaisahau tarehe 11 Julai 2010, siku ambayo mabomu yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Wala hawajaisahau milipuko ya tarehe 16 Novemba 2021. Misiba hiyo imedhihirisha kwamba ulinzi wa umma hautegemei bunduki peke yake, bali hutegemea pia pua ya mbwa. Kwa hiyo afya ya mbwa huyo si shauri la daktari wa mifugo tu. Ni shauri la usalama wa taifa.

Adui mkubwa wa mbwa katika nchi zetu za joto ni kiroboto na kupe. Mnyama aliyeshambuliwa hujikuna usiku na mchana, wala hawezi kushika zamu. Hapo ndipo inapotafutwa njia ya mkato: sindano au vidonge vya steroidi, kama vile prednisoloni na deksamethasoni. Dawa hizi zikitumiwa kwa kiasi zina manufaa makubwa, na mwasho hutulia upesi. Lakini kutuliza mwasho si kuua kiroboto. Mwasho hurejea, sindano hurejea, na miezi hupita.

Matokeo yake ni mabaya. Mbwa hunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara kwa mara, njaa haimwishi, tumbo hutokeza huku misuli ikinyauka, manyoya hupukutika, ngozi huwa nyembamba na vidonda hukawia kupona. Maradhi ya kibofu humnyemelea bila dalili za wazi, na wengine hupatwa na kisukari.

Lililo zito zaidi kwa walinzi ni hili. Mwaka 1992 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, walieleza kwamba mbwa waliopewa deksamethasoni walihitaji harufu kali zaidi ndipo waitambue, ingawa pua zao hazikuonyesha kasoro yoyote. Maana yake ni kwamba mbwa aweza kusimama langoni akiwa na umbo la mlinzi, ilhali uwezo wake umepungua na hakuna ajuaye.

Je, dawa hizo zikatwe leo hii? La hasha. Zikitumiwa muda mrefu, tezi za adrenali zilizo karibu na figo hulegea katika kazi yake. Dawa ikikomeshwa ghafla, mbwa aweza kutapika, kuishiwa nguvu, hata kufa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maagizo ya daktari.

Kinachotakiwa ni nidhamu. Kila sindano iandikwe katika daftari la mbwa. Viroboto na kupe wapigwe vita kwanza, mwilini na bandani. Mbwa aliye katika dawa apumzishwe, na pua yake ipimwe kabla ya kurudishwa zamu. Taifa linalomkabidhi mnyama maisha ya watu wake halina budi kumtunza kwa uangalifu uleule.