Eti "Vumilia, Wewe Si Mtoto!"

Wadau, leo sina siasa. Nina hasira tu.

Hapa Elerai nimeshasikia mara nyingi kijana wa miaka 14 anayelia kwa sindano akiambiwa: "Vumilia, wewe si mtoto!" Na watu wazima wanacheka. Jamani, tunacheka nini?

Nazungumzia sindano ya benzathini penisilini. Wanaopewa ni wale ambao mafindofindo yaliwaletea homa ya rumatiki, ile inayoharibu valvu za moyo. Si sindano moja ukapona. Ni kila baada ya wiki 3 au 4, mara nyingi kwa miaka 10 au zaidi. Dawa yenyewe nzito, inaingia kwenye msuli, kijana anaondoka anachechemea. Mwezi ujao atasingizia kichwa kinamuuma, mwezi unaofuata haonekani kabisa. Huku nyuma moyo unaharibika kimya kimya.

Kwamba sindano hizi zinasaidia, hakuna ubishi. Majirani zetu wa kaskazini mwa Uganda walifuatilia kwa miaka 2 watoto 818 wa miaka 5 hadi 17, ambao kipimo kilionyesha dalili za mwanzo. Matokeo yalitoka 2021: kwa waliochomwa, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, kwa wasiochomwa, asilimia 8.2.

Sasa kupunguza maumivu kunataka nini? Dawa ya unga inaweza kuchanganywa na lidokeini, ile dawa ya ganzi, badala ya maji matupu. Spiriti iachwe ikauke kwenye ngozi. Nesi abonyeze mahali pa kuchoma kwa kidole gumba sekunde 10, halafu asukume dawa taratibu kwa dakika 2 au 3.

Mtaniambia manesi wachache, foleni ndefu. Kweli kabisa. Lakini hebu linganisheni dakika hizo 3 na upasuaji wa valvu kule Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Kipi ghali?

Lidokeini haimfai kila mtu, kwa hiyo mtaalamu ndiye wa kuamua. Basi aulizwe! Mzazi, uliza: "Mnachanganya na ganzi?" Nanyi wakuu wa vituo, ufanyeni uwe utaratibu, si huruma ya nesi mmoja mmoja.

Kijana anayekimbia sindano si mwoga. Sisi ndio tunamfukuza.

Mnasemaje wadau?